Neno "tu", na mengine uliyoniuliza

Soweto, Mbeya
14 Julai

Mwenzangu mpendwa,

Habari za Gangilonga? Mama anaendeleaje na miguu? Sisi huku ni wazima, ila baridi ya mwezi huu haina huruma. Asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, na vidole vinakataa kuchapa mpaka nishike kikombe cha chai kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa kwenye daladala naenda Mwanjelwa. Unauliza kama uache kazi mwezi wa 9 uanze kutafsiri nyumbani kama mimi, na unasema hofu yako kubwa ni Kiingereza. Nianzie hapo, maana katika miaka hii mitatu Kiingereza ndicho kilichonisumbua kidogo kuliko vyote.

Mwaka jana mama mdogo wa Tukuyu alinipigia simu: kikundi chao cha wakulima wa parachichi kimeletewa mkataba. Ulikuwa wa Kiingereza, umeambatana na tafsiri ya Kiswahili. Nikaenda Jumapili, tukakaa barazani, nikawasomea. Tulipofika palipoandikwa "mkulima atawasilisha mazao yote kwa mnunuzi kwa namna ya kipekee", mzee mmoja akauliza, "Maana yake tuyapange kwenye kreti vizuri zaidi?" Wenzake wakaitikia, wakaanza kujadiliana majani ya kutandika chini ili matunda yasichubuke. Nikafunua karatasi ya Kiingereza. Kule ilisema hawaruhusiwi kumuuzia mtu mwingine hata tunda moja.

Aliyetafsiri alikijua Kiingereza. Hilo "kipekee" hakulitunga, kwenye kamusi limo. Ila alipokuwa akiandika hakumwona yule mzee.

Nikachukua kalamu nikaandika upya: "Mkulima atamuuzia mnunuzi huyu tu mazao yake yote." Herufi mbili, "tu". Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza: na yatakayokataliwa, nani atayanunua? Mkataba haukusema. Wakaurudisha, na uliporudi tena ulikuwa umeongezwa kifungu kwamba yaliyokataliwa mkulima atauza anakotaka. Siku ile nilirudi Mbeya na mkungu wa ndizi na furaha ambayo hakuna malipo yaliyowahi kunipa.

Kwa hiyo usiniulize kama Kiingereza chako kinatosha. Kinatosha. Jiulize kama Kiswahili chako kinamfikia mtu. Chukua karatasi za afya, ambazo utazipata nyingi. Kwenye kipeperushi cha uzazi wa mpango ukiandika "madhara", mama anakikunja anaondoka. Wahudumu wa zahanati husema "maudhi madogomadogo", na mama anaelewa kwamba kichefuchefu kile kitapita. Lakini neno hilohilo ukilipeleka kwenye fomu ya ridhaa ya utafiti, mahali ambapo hatari ni kubwa, umemdanganya mtu kabla hajaweka sahihi. Kamusi haitakuamulia hilo. Utaamua wewe, saa nne usiku, peke yako.

Sasa hela. Watu wengi hutoza kwa neno, na hapo kuna shimo nililotumbukia mwanzoni. Nilikubali kulipwa kwa maneno ya Kiswahili nitakayoandika. Kazi ilikuwa mahojiano, vitenzi vitupu, na wewe unajua kitenzi chetu kinavyobeba: "hawatanisubiri" ni neno moja, Kiingereza kinahitaji sita. Nilifanya kazi ya maneno mengi nikalipwa machache. Kazi nyingine inaenda kinyume, hasa yenye nomino nyingi, maana kila "ya" na "cha" inahesabiwa. Tangu hapo nahesabu maneno ya maandishi ya asili tu, yanajulikana kabla sijaanza, na mteja hawezi kubishana nayo. Nusu naipokea kabla ya kugusa ukurasa. Hili naomba ulishike, maana ofisi moja ilinipa kurasa 40, nikaziwasilisha kwa wakati, wakaacha kupokea simu zangu. Nililia. Mwezi ule ada ya mtoto niliikopa.

Wapo pia watakaokuletea kitu kilichopitishwa kwenye mashine wakuombe "urekebishe kidogo" kwa robo ya bei. Soma ukurasa mzima kabla ya kujibu. Mara nyingi ni kazi ya kuanza upya, basi waambie hivyo kwa upole na uwape bei kamili. Na nyaraka za mgonjwa au za kesi usizibandike kwenye programu za bure za mtandaoni, siri si yako.

Vifaa ni vichache. Laptopu yako hiyo inatosha, ongeza bando la uhakika na kamusi mbili nzuri. Kuna programu ya bure inaitwa OmegaT, inakumbuka sentensi ulizokwisha kutafsiri, kwa hiyo kifungu kikirudi ukurasa wa 30 hukitafsiri kwa maneno mengine. TIN, namba ya mlipakodi, utaichukua TRA, na jina la biashara utasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Akija mtu na cheti cha ndoa au cha kuzaliwa, muulize kwanza kinakopelekwa wanataka muhuri wa nani, maana wengine hawapokei tafsiri mpaka iwe imethibitishwa na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Na wakikuomba ukae kwenye mkutano uwafasirie watu kwa mdomo, huo ni ukalimani, kazi nyingine kabisa. Mimi nakataa.

Umeandika kwamba Kiswahili sasa kinapanda, SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikifanya lugha yao rasmi ya nne mwaka 2019, na mwaka 2021 sheria ikakifanya lugha ya mahakama. Ni kweli, na nafurahi kama wewe. Ila kazi zangu za mwanzo zilitoka karibu: steshenari ya Kabwe, dereva wa malori ya Tunduma mwenye barua ya madai, kanisa lenye wageni. Anzia hapo.

Kazi usiiache mwezi wa 9. Fanya jioni na Jumamosi mpaka uwe na wateja watatu wanaorudi wenyewe, kisha tuzungumze tena.

Ndani ya bahasha nimekuwekea ukurasa mmoja wa Kiingereza, maelekezo ya kutumia dawa ya kunyunyizia mahindi. Utafsiri. Ukimaliza, msomee mama kwa sauti, na kila mahali atakapouliza "eti nini?" weka alama pembeni. Nitumie nakala hiyo yenye alama, usiinakili upya.

Msalimie sana mama.

Wako,
Mwenzio wa Soweto