Watoto wanaosomea nyumbani wapewe nafasi ya kusema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee watoto wanaosomea nyumbani hapa Mwanza. Wengi wetu tukiwaona tunasema wamekosa shule, tunawahurumia, basi, yanaishia hapo. Nyumbani kwangu Nyegezi nafundisha wawili, mwanangu na binti wa dada yangu. Wote wana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Majina yao yamo kwenye rejista ya shule, lakini maumivu yakiwabana hukaa ndani wiki nzima, pengine zaidi. Ugonjwa huu ni mwingi Kanda ya Ziwa, kwa hiyo najua wapo watoto kama hawa mitaa mingi.

Kilichowafungua ni maua. Walianza na alizeti, kwa sababu mbegu zake ni rahisi kupata sokoni na hazichagui sana udongo. Udongo wetu mnaujua: kichanga kati ya mawe. Wakachanganya samadi, wakapanda kwenye ndoo mbovu na madumu yaliyokatwa. Hesabu tunaifanyia hapo, kwa kupima kimo cha mche na kuchora jedwali daftarini. Sayansi nayo iko hapo hapo. Kile kichwa cha alizeti tunachokiita ua moja ni mamia ya vijiua vilivyokaa pamoja, na kila kijiua cha katikati kikichavushwa kinaweza kutoa mbegu. Mche mchanga hulifuata jua kutwa, mashariki hadi magharibi. Kichwa kikikomaa hutulia kikatazama mashariki. Hilo waliligundua wenyewe kabla sijawaeleza, na furaha waliyokuwa nayo siku ile siwezi kuipima.

Mtoto mwenye selimundu anatakiwa anywe maji mara kwa mara, asipigwe na baridi wala asijichoshe. Kwa hiyo wanatoka jua likishapanda kidogo, wanafanya kazi kidogo kidogo, na kwetu ni sheria: kabla ya kumwagilia ua, kunywa kikombe chako kwanza. Tangu waanze bustani, sibishani nao tena kuhusu maji.

Alizeti zilipochanua tuliwaita majirani waje wasikilize. Watu wazima walikaa kwenye mabenchi, watoto wakasimama wakaeleza. Jirani yetu mmoja, mvuvi, akawauliza: na gugu maji, si nalo lina ua zuri? Mwanangu alikuwa amelisoma. Akamjibu kwamba asili yake ni Amerika ya Kusini, na kwamba watu walilisafirisha nchi hadi nchi kwa kupenda ua lake la zambarau, hadi likaonekana katika Ziwa Victoria miaka ya 1980. Akaeleza linavyoziba mialo na kuwahifadhi konokono wanaobeba kichocho, na jinsi miaka ya 1990 walivyoachiliwa wadudu aina ya fukusi walitafune. Akamalizia kwa kuwaomba wakubwa wale wasitupe mtoni wala ziwani mmea wowote wa mapambo. Wakubwa walimsikiliza kwa makini, na yule mvuvi akawahadithia watoto jinsi mitumbwi inavyonasa kwenye gugu hilo. Hapo watoto wakawa wanafunzi tena, wakamwuliza maswali mpaka giza likaingia.

Ninachoomba ni kidogo. Wenyeviti wa mitaa, mkiitisha mkutano, watengeeni watoto hawa dakika kumi waeleze walichopanda na walichojifunza. Walimu wakuu, siku ya wazazi mwalikeni na yule ambaye jina lake limo kwenye rejista ila dawati lake liko wazi. Bwana shamba wa kata naye akipita, aingie hata kwenye bustani ya ndoo sita. Ndugu zangu majirani, mkimkuta mtoto nyumbani saa nne asubuhi, acheni kumwuliza mbele za watu kwa nini haendi shule. Swali hilo linamwumiza, nimeyaona machozi yake. Mwulizeni amepanda nini.

Kwetu tumeshavuna mbegu. Mvua za vuli zikianza tutazigawa bure kwa mzazi yeyote wa hapa Nyegezi mwenye mtoto anayesomea nyumbani, na wanangu wako tayari kuja kuonyesha namna ya kupanda.

Mama mlezi,
Nyegezi, Mwanza