Baba alizika mapipa mahali panapojengwa bustani ya watoto. Nisaini?

Ndugu Mhariri,

Zimebaki siku 19 nisaini mkataba wa nyumba, na kila ninayeweza kumwuliza ana lake ndani ya jambo hili. Mke wangu analo, baba yangu analo, watu wa mauzo ndio usiseme. Nimeona niwaletee wasomaji wenzangu, hasa mliowahi kununua nyumba mahali palipokuwa na viwanda.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa viwanda tangu sijazaliwa. Palikuwa na kiwanda cha nguo, cha rangi, na kile kikubwa cha vipuri vya chuma ambako baba yangu alifanya kazi miaka 26, idara ya kuchovya vyuma kwenye kromi, madini ya kuving'arisha visishike kutu. Vikafungwa kimoja baada ya kingine, vioo vikavunjwa kwa mawe, nyasi zikaota juu ya reli ya mizigo. Sasa wajenzi wamerudi na winchi zao na majengo saba ya ghorofa yanapanda. Dohani moja wameiacha, wameisugua na kuiwekea taa, na usiku inaonekana toka mbali. King'ora cha zamu wamekitundika ukutani kwenye ofisi ya mauzo kama pambo. Baba alipokiona alicheka hadi akakohoa. "Hiki kilikuwa kinatutoa roho alfajiri," akasema, "leo watu wanapiga nacho picha."

Nyumba tuliyoichagua ina vyumba viwili, iko ghorofa ya tano, na mpaka leo ni mchoro tu. Arubuni tumeshatoa, asilimia 10 ya bei, nayo ndiyo akiba yetu ya miaka minane. Tukijitoa bila sababu ambayo mkataba unaitambua, haturudishiwi kitu. Toka pale hadi stesheni ya treni ni dakika sita kwa miguu. Hivi sasa mke wangu anapoteza saa mbili kwenda kazini na mbili kurudi, na akifika nyumbani binti yetu wa miaka miwili ameshalala. Nayasema haya msije mkamwona mwenzangu kuwa mtu wa kupenda makuu. Anachotaka ni kumwona mwanawe akiwa macho.

Tulimchukua baba siku ya kwenda kuangalia nyumba ya mfano kwa sababu atahamia kwetu. Binti wa mauzo alikuwa mwema kwake, alimshika mkono kwenye ngazi, akampa kijitabu chenye picha. Ukurasa wa kati unaonyesha uwanja wa nyasi kati ya jengo la tatu na la nne, una bembea, mchanga wa kuchezea, na watoto wa kuchorwa wanakimbia. Baba akautazama ule ukurasa muda mrefu. Akaomba kalamu. Akageuza kijitabu nyuma, akachora kiwanda kama kilivyokuwa: lango, mizani, jengo la kuchovya, stoo, na nyuma ya stoo bonde dogo ambako maji ya mvua yalituama. Pale bondeni akaweka alama ya X. Akaanza kuhesabu hatua kutoka ilipo dohani, maana dohani haijahama. Hatua zake zikaishia kwenye bembea.

Hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Usiku ndipo akaniita nje. Akaniambia kwamba mwaka wa mwisho kabla kiwanda hakijafungwa, yeye na wenzake watatu waliagizwa na msimamizi kuviringisha mapipa hadi bondeni, wakayafukia, wakamwagia kifusi juu. Mengine yalikuwa na masimbi, yaani matope ya chini ya matangi ya kromi, mengine dawa ya kuondolea grisi kwenye chuma. Mangapi? Hakumbuki sawasawa. "Zaidi ya thelathini," akasema, "hayafiki mia."

Mnaomfahamu mtu aliyefanya kazi ya kromi zamani, kabla ya glavu na feni, mtakuwa mmeona mikono yake. Ya baba ina vishimo vidogo vya mviringo kwenye viungo vya vidole, makovu ya vidonda ambavyo tindikali ya kromi ilivichimba taratibu. Ukuta wa katikati ya pua yake umetoboka, ndiyo sababu akilala hupiga mluzi mwembamba, na binti yangu huuigiza akidhani babu anamchezea. Kwa hiyo mke wangu anaposema mzee anachanganya mambo, mimi naitazama ile mikono na kunyamaza.

Tangu siku hiyo nimesoma kuliko nilivyosoma shuleni. Nilikuwa nadhani sumu iliyofukiwa imekwisha habari yake, kumbe inatembea. Kromi mbaya, ile ya kwenye matangi, huyeyuka na kufuata maji ya chini ya ardhi. Dawa za kuondolea grisi zina tabia nyingine: ni nzito kuliko maji, hivyo huzama, halafu mvuke wake hupanda kidogo kidogo kupitia udongo na kuingia ndani kwa nyufa za sakafu na matundu ya mabomba. Ghorofa ya tano inapata kidogo sana kuliko ya chini, hilo nalikubali. Lakini maegesho yetu ya magari yako chini ya ardhi, na lifti inaanzia hukohuko.

Kilichoninyima usingizi zaidi ni habari ya mji wa Hoboken, jimbo la New Jersey, Marekani. Jengo lililowahi kuwa kiwanda cha taa za zebaki liligeuzwa makazi na kikundi cha watu, wengi wao wasanii, nyumba 16. Mwaka 1995 wakaanza kuona matone ya zebaki yakichuruzika kwenye mbao za sakafu. Walipopimwa, wengi wakakutwa na zebaki mwilini, watoto wakiwamo. Mwanzoni mwa 1996 wakaamriwa kuhama, na baadaye jengo lenyewe likabomolewa. Walikuwa wameambiwa pamesafishwa. Uholanzi nako, kwenye kijiji cha Lekkerkerk, mwaka 1980 mamia ya familia walihamishwa kwa sababu mtaa wao mpya ulikuwa umejengwa juu ya taka za viwanda, mapipa yakiwamo.

Mke wangu hakukaa kimya, naye akasoma. Akaniletea Vienna, Austria, ambako matangi manne ya gesi ya matofali yaliyojengwa miaka ya 1896 hadi 1899 yana nyumba ndani yake tangu 2001 na watu wanaishi. Akaniletea HafenCity ya Hamburg, Ujerumani, bandari ya zamani, ambako viwanja vimeinuliwa hadi mita nane au tisa juu ya usawa wa bahari kabla ya kujengwa. Halafu akaniuliza swali ambalo sijapata jibu lake: hii nyumba ya kupanga tunamoishi sasa, chini yake pana nini? Nani alishawahi kupima? Alau kule tunakotaka kuhamia wamepima.

Ni kweli wamepima, na hapo ndipo penye mgogoro. Nilirudi ofisi ya mauzo peke yangu, nikaomba kuona ripoti ya udongo. Kijana niliyemkuta, si yule binti, akasema udongo wote mbaya ulishabebwa. Nikauliza ulibebwa toka wapi, kina gani, na nani aliyekagua baada ya kazi. Akaenda nyuma, akarudi na karatasi mbili za muhtasari. Zinasema historia ya kiwanja ilichunguzwa kwa ramani za zamani na vibali, vikachimbwa visima vya sampuli, yaani matundu ya kutolea udongo wa kupima, sehemu iliyokuwa na jengo la kuchovya ikachimbuliwa, na kwingine kote patafunikwa tabaka la udongo safi juu ya kitambaa kizito cha kutenganisha. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kazi nzuri, na mimi pia naiona nzuri. Lakini kuna mstari mmoja unaosema "hakuna wafanyakazi wa zamani waliopatikana kwa mahojiano."

Baba anakaa umbali wa vituo vitatu vya basi kutoka pale.

Lile bonde halimo kwenye ramani yoyote, na kufukia kule hakukuwa na kibali. Visima vya sampuli huchimbwa kwa kuachiana nafasi, na mapipa yaliyorundikwa sehemu moja yanaweza kukaa kati ya kisima na kisima bila mtu kujua. Nikaomba ripoti kamili pamoja na ile ya uhakiki inayoandikwa baada ya kusafisha. Nikajibiwa kwamba hizo ni nyaraka za ndani.

Nilifanya kosa la kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la wanunuzi. Sikutaja baba wala mapipa, niliuliza tu kama kuna aliyeiona ripoti kamili ya udongo. Ndani ya dakika kumi nilishaambiwa nimetumwa na washindani, nikaambiwa kama sina hela nikae pembeni, na bwana mmoja ambaye tayari anaiuza nafasi yake kwa faida akanipigia simu kabisa. Alikuwa na adabu. Akasema, "Kaka, hata kama una hoja, iseme baada ya watu kukabidhiwa funguo." Yaani baada ya watoto kuanza kucheza mchangani. Mmoja tu, mama ambaye simjui, alinitumia ujumbe pembeni: "Ukipata jibu, nami niambie."

Njia iliyo wazi ni kumpeleka baba kwa kampuni, au kwa mamlaka ya mazingira, aonyeshe mahali. Si lazima hata kuchimba kwanza. Nimesoma kwamba vipo vifaa vya sumaku na vya rada vinavyoweza kuonyesha chuma kilichofukiwa, mtu akivipitisha tu juu ya ardhi. Ni kazi fupi. Lakini baba hataki. Nimemwomba mara tatu. Mara ya kwanza alisema atafikiria, mara ya pili akakasirika, mara ya tatu akalia, na mimi sijawahi kumwona baba yangu akilia, hata tulipomzika mama. Anasema mikono iliyosukuma yale mapipa ni yake, msimamizi ameshakufa, na kati ya wale wanne amebaki yeye peke yake. Akisema, atakayeandikwa ni yeye. Nimemweleza kwamba alikuwa mfanyakazi aliyetumwa. Akanijibu, "Nilijua ni nini. Nilikuwa nakiona kinavyonifanya vidole."

Na cha ajabu, kuhamia hakukatai. Anataka arudi pale. Anasema yeye sumu ile walishazoeana, kinachotakiwa ni mtoto asishuke chini kucheza. Mke wangu akadakia kwamba basi mtoto hatashuka, atachezea kwenye roshani. Nikajiona mwendawazimu katika nyumba yangu mwenyewe. Na hata wa kwangu asiposhuka, watashuka wa nani?

Ninachoomba ni hiki. Walio na ujuzi wa sheria waniambie: muuzaji akikataa kutoa ripoti kamili ya udongo, hiyo ni sababu ya kudai arubuni yangu, au ni mpaka niwe na ushahidi mkononi? Naweza kuomba kiongezwe kipengele kwenye mkataba kwamba eneo la bustani lipimwe upya kabla sijamaliza malipo, au mnunuzi mmoja kati ya mia na kitu atachekwa? Mliowahi kupitia haya, mlianzia kwa wakili, kwa mpimaji wenu binafsi, au kwa mamlaka?

Swali la pili si la wakili. Wazo linalonijia usiku ni kuipiga picha ile ramani ya baba, kuikata sehemu yenye mwandiko wake, na kuituma kwa mamlaka ya mazingira bila jina. Angalau watajua pa kupitisha vifaa vyao. Lakini ameniambia lile jambo nje, usiku, kama mtu anavyomwambia mwanawe. Nikiituma bila ruhusa yake, siku mashine ikisimama pale kwenye bembea atajua ni nani aliyesema, kwa sababu hakuna mwingine anayejua. Nikimsubiri akubali, siku 19 zitaisha, na zege la njia za bustani linamwagwa mwezi ujao.

Kijitabu kipo kwenye mlango wa friji. Mke wangu amekibandika upande wa picha, ule wenye watoto. Kila nikifungua kuchukua maji nakiangalia, sijakigeuza, na wala sijamwambia kwamba nimeshaipiga picha ile ramani. Imo kwenye simu yangu tangu Jumapili.

Mniwie radhi kwa urefu wa barua. Atakayejibu, tafadhali anijibu kabla siku hazijaisha.

Mimi msomaji wenu,
Mtoto wa fundi wa kromi
(Jina nimeliacha kwa ajili ya baba)