Barua ya Malalamiko Kuhusu Gripu ya Betri Yenye Kasoro

Mpigapicha wa Harusi,
Mji wa Kale, Mombasa.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

KUH: KUREJESHEWA FEDHA ZA GRIPU YA BETRI

Nakuandikia kuhusu gripu ya betri, yaani kishikio cha ziada kinachofungwa chini ya kamera na kubeba betri, niliyonunua dukani kwenu, ambayo mhudumu wenu alinihakikishia kuwa ni ya modeli ya kamera yangu hasa, lakini hukata umeme kila ninapoigeuza kamera wima. Nilikwisha kuileta dukani na jibu nililopewa halikuniridhisha, ndiyo maana naliweka jambo hili katika maandishi.

Mtu hununua gripu apate betri mbili badala ya moja, pamoja na kitufe cha pili cha kupigia picha, ili apige picha za wima bila kuinua kiwiko usiku kucha. Hii yenu hushindwa papo hapo inapohitajiwa. Nikiigeuza kamera nikiwa nimefunga lenzi nzito ya milimita 70-200, skrini huzimika.

Kasoro yenyewe inaonekana kwa macho. Ili kuifunga gripu, huondolewa kifuniko cha betri cha kamera, mkono wa gripu ukaingizwa ndani ya tundu la betri, kisha ikakazwa skrubu inayoingia penye tundu la tripodi. Nimeikaza hadi mwisho, na bado upande wa kulia hubaki upenyo unaopitisha kadi ya laini ya simu. Umeme wote hupitia kwenye vidole vichache vya chuma vilivyo nchani mwa mkono huo. Uzito ukiivuta gripu, upenyo hupanuka na vidole huachana na kamera. Betri hazina lawama, kwani kila mojawapo ikitiwa ndani ya kamera bila gripu hufanya kazi wima na mlalo, na hata trei ya betri ndogo sita za AA iliyokuja na gripu huzimika vilevile.

Fundi wenu aliitazama kidogo tu akasema ni chumvi ya bahari. Naikataa sababu hiyo. Najua jinsi upepo wa Pwani unavyokula chuma, na kwa hiyo vifaa vyangu hukaa ndani ya sanduku lenye vifuko vya kufyonza unyevu. Vidole vya gripu hii vingali vinang'aa, havina kutu wala ukijani. Isitoshe, ikiwa kifaa hakistahimili hewa ya Mombasa, mlipaswa kuniambia kabla sijalipa, maana mnakiuza Mombasa.

Mimi hupiga picha upande wa wanawake. Katika usiku wa kupamba, ukumbini Nyali, kamera ilizimika bibi harusi akiingia, picha zikiwa bado zinaandikwa kwenye kadi, na baadhi yake hazikufunguka tena. Ilinibidi niipunguzie familia malipo.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, na ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Naomba nirejeshewe bei yote ndani ya siku 14. Sitapokea nyingine ya aina hiyohiyo isipokuwa ifungwe kwenye kamera yangu mbele yangu, pamoja na lenzi hiyo, na igeuzwe wima. Naomba pia zilizobaki rafuni zijaribiwe hivyo kabla hajauziwa mpigapicha mwingine.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za upenyo huo na video fupi. Gripu nitaileta siku yoyote ya kazi mtakayoniita.

Wako mwaminifu,
Mpigapicha wa Harusi