Msivisingizie vitabu ukataji wa miti

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa kazini na sijawahi kukuandikia. Habari yenu ya wiki iliyopita, kwamba shule ziachane na vitabu vya karatasi zihamie kwenye vishikwambi ili kuokoa misitu, imenishinda kuinyamazia. Mmeweka na picha ya visiki vya miyombo, miti yetu ya asili. Miyombo haikatwi huku kwetu ili kuchapa vitabu.

Mwandishi wenu aende Urambo, Kaliua au Sikonge, wilaya za mkoa wetu wa Tabora, msimu wa kukausha tumbaku. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, bani, yaani banda la kukaushia, linawaka usiku na mchana karibu wiki nzima, likipakuliwa linajazwa tena. Ongeza mkaa unaoingia mjini kila alfajiri kwa baiskeli na bodaboda. Karatasi ya kiwanda cha Mgololo inatokana na misindano na mikaratusi ya kupandwa kule Mufindi. Sikatai kwamba kutengeneza karatasi kunakula maji na umeme mwingi, na vitabu vingine husafirishwa kwa meli kutoka mbali. Lakini kitabu kikishafika darasani hakidai kitu tena.

Kishikwambi je? Betri yake inataka lithiamu na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwa jirani zetu Kongo. Sehemu kubwa ya uchafuzi wake hutokea kiwandani, kabla mtoto hajakiwasha, kwa hiyo ili kiwe nafuu kuliko karatasi lazima kisomewe vitabu vingi kwa miaka mingi. Sasa nieleze nilichokiona kwenye shule moja niliyowahi kufundisha. Mwalimu wa stoo alinifungulia kabati: vishikwambi vimepangwa, vioo vimepasuka, vingine betri zimevimba hadi mgongo umebanduka. Nikauliza vinapelekwa wapi. Akanipeleka kwenye shimo la taka nyuma ya vyoo, ambako vingine vilikuwa vimeshachomwa pamoja na majani makavu. Plastiki imeyeyuka ikashikamana na udongo, na kisima wanachochotea watoto kipo bondeni hapo hapo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na hata robo yake haikukusanywa na kurejelezwa ipasavyo, pamoja na viwanda vyote walivyonavyo wenzetu. Sisi tuna shimo na kiberiti! Halafu rafu ya juu ya kabati lile lile nikakuta vitabu vya hisabati nilivyofundishia mimi, vimeshonwa upya kwa uzi wa gunia, majina ya wanafunzi yameandikwa ukurasa wa kwanza moja chini ya jingine, dada na wadogo zake, na kila hesabu inasomeka.

Na hili la mitaala nalo nilisemee. Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, vitabu vizima vinaondolewa madarasani. Nimenunua karanga sokoni zimefungwa kwenye ukurasa wa kitabu cha shule, wenye mchoro wa mzunguko wa maji. Mzunguko wa maji haubadiliki na mtaala. Anayetaka kuokoa karatasi aanzie hapo.

Ombi langu ni hili. Kabla kishikwambi kingine hakijapelekwa shuleni, kila shule ya mkoa huu ipewe sindano kubwa, uzi wa nailoni, gundi na kitambaa cha khaki, na fundi wa kuwafundisha watoto wa darasa la sita kushona vitabu vilivyochanika. Na anayeleta vishikwambi asaini kwamba vikifa atavifuata mwenyewe, kwa gharama yake, hata kama shule iko ndani kabisa ya Sikonge na mvua zimekata barabara.

Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora