Risala ya Klabu ya Baiolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kiharusi Duniani, Oktoba 29

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kufika kwako kumetupa moyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mezani mbele yako kuna kijiuzi chenye shanga 22. Tafadhali kishike. Huo ni mfano wa maikro RNA moja, yaani kipande kifupi sana cha RNA, kemikali iliyomo ndani ya seli zetu. Kila ushanga ni herufi moja ya kemikali, na tumeutunga wenyewe kwa shanga za sokoni. Ule uzi mrefu uliozunguka meza ni RNA mjumbe, inayobeba maagizo ya jeni ili protini itengenezwe. Kijiuzi kikinasa mahali penye shanga zinazooana na zake, agizo lile halisomwi tena, au huvunjwavunjwa kabisa. Basi protini ile hupungua.

Waliogundua jambo hili ni Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani, mwaka 1993, kwa mnyoo wa milimita 1. Wengi walidhani ni mambo ya mnyoo huyo tu, mpaka mwaka 2000 maikro RNA nyingine, let-7, ilipoonekana hata kwa binadamu. Tuzo ya Nobel waliipata 2024.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sababu ya kuchagua mada hii ilitoka nyumbani. Bibi yake mwenzetu mmoja alidondosha kikombe cha chai asubuhi, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa hayashikiki. Majirani wakasema amepitiwa na upepo mbaya, akafukizwa. Kumbe kilikuwa kiharusi. Hospitali alifika jioni, na pale hapakuwa na mashine ya CT, ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Daktari hakuwa na njia ya kujua kama mshipa wa ubongo umezibwa na bonge la damu au umepasuka. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, lakini akipewa aliyepasuka mshipa, damu huzidi kuvuja. Bibi yupo hai. Mkono wake wa kulia mpaka leo hauinuki.

Hapo ndipo vijiuzi hivi vilipotushika. Seli za ubongo zina maikro RNA iitwayo miR-124 kwa wingi kuliko viungo vingine. Seli hizo zinapokufa, maikro RNA hiyo huvujia kwenye damu, na watafiti wameipima kwenye damu ya panya waliozibwa mshipa wa ubongo. Nyingine, miR-210, hupanda seli zinapokosa oksijeni, na husaidia mishipa mipya kuchipua. Zipo pia zinazoharakisha kufa kwa seli, na wanasayansi wanatafuta namna ya kuzizima. Hakuna kati ya hizo iliyokwisha kuwa kipimo cha kawaida cha kiharusi hospitalini. Hata hivyo sisi tunatamani sana siku ambayo tone la damu litamwambia daktari wa wilayani kilichotokea kichwani mwa mgonjwa, kabla saa hazijamtupa mkono.

Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, Kilimanjaro, na 316 Dar es Salaam. Presha ya kupanda ndiyo chanzo kikubwa, nayo hupimwa kwa dakika chache. Siku ya kikao cha wazazi tulipima kwa mashine moja ya kuazima. Foleni ilifika kwenye mwembe, betri zikaisha watu wakiwa bado wamesimama. Baba mmoja aliondoka akisema atarudi kikao kijacho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kwa unyenyekevu tunaomba mashine mbili za kupima presha zitakazokuwa mali ya klabu, na hadubini moja, kwani iliyopo lenzi yake imepasuka. Tunaomba pia utuunganishe na wataalamu wa maabara waje kuzungumza nasi, maana maswali yetu yamewazidi hata walimu wetu.

Kijiuzi ulichoshika ni zawadi yako.

Tunaomba kuwasilisha.