Mkate wa msimamizi wako

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Tanga. Sote tu wazima. Goti la mama yako bado linamsumbua, lakini sokoni anakwenda mwenyewe na hataki kushikwa mkono.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara zote tatu nimecheka. Eti msimamizi wako hapo London kakwambia "use your loaf", nawe ukamjibu asante, nimeshakula! Usione haya. Watu wa London ya mashariki walichukua "loaf of bread", yaani mkate mzima, kwa kuwa "bread" lina kina kimoja na "head", kichwa. Halafu wakalikata lile neno lenye kina, likabaki "loaf" peke yake. Alikuwa anakwambia utumie akili. Kwa sauti gani, hilo wewe ndiye uliyesikia.

Hapo ndipo kamusi inapokuacha kwenye mataa, kama msemavyo vijana. Sisi shairi likikosa kina tunasema limeharibika. Wao kina ndicho wanachokitupa kwanza, mgeni asipate pa kushika.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Enzi za ubaharia wangu tulifunga gati Tilbury, kuli mmoja mzee akanipigia kelele: "Have a butcher's!" Nikajua bucha. Nikageuka nyuma kutafuta anayeuza nyama. Kumbe "butcher's hook", ile kulabu ya kutundikia nyama, kina chake ni "look". Alitaka nitazame kamba ya meli iliyokuwa inalika. Mimi nimegeukia kule, huku kamba ikakatika. Nahodha alinisema kwa Kiingereza ambacho hakikuhitaji kamusi.

Mambo haya ni ya zamani. John Camden Hotten aliyaweka kwenye kamusi yake ya lugha ya mitaani mwaka 1859, humo "apples and pears" ikiwa ni ngazi, "stairs". Waliokuwa wakisema hivyo ni watu wa barabarani, wachuuzi na waimbaji wa mitaani. Ila kilichonifurahisha zaidi ni cha wauza samaki na matunda wa mikokoteni, alioandika habari zao Henry Mayhew mwaka 1851. Hao waligeuza maneno nyuma mbele ili polisi na wateja wasiwaelewe. "Pot of beer" ikawa "top o' reeb". Polisi, yaani "police", kwao akawa "esclop", herufi zikipinda kidogo. Sasa hicho si kinyume kabisa, ile lugha ya siri ya kugeuza maneno? Bibi yako na shoga zake walikuwa wakikisema mbele yetu watoto, "maji" yakawa "jima", nasi tumekaa kama mazuzu, hatujui ni nani anayesengenywa. Tofauti ni kwamba bibi aligeuza silabi, wale waligeuza herufi. Hata hilo "yob" unalolisikia kwenye basi wakitajwa vijana wakorofi, ni "boy" lililogeuzwa.

Jambo moja nikuwahi kabla halijakukuta. Mtu akikwambia unasema "porkies", usije ukadhani umesingiziwa kula nguruwe. Ni "pork pies", kina chake "lies". Amekuita mwongo. Kasirikia hilo.

Mama yako anauliza kama lile koti linakutosha au ulishawapa wenzio. Maneno mengine ukiyapata nitumie, ila uniambie na aliyesema alikuwa anafanya nini wakati huo.

Baba yako