Risala ya Manusura wa Saratani kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, neno ambalo sisi hatulitamki kwa mazoea. Tunakushukuru nawe kwa kufika mwenyewe. Tumezoea wageni rasmi wa kuwakilishwa.

Mheshimiwa, kikundi hiki kilizaliwa kwenye benchi la kusubiria dawa, tukiwa watu sita. Leo ukumbi umetuzidi, ingawa ni kweli ukumbi wenyewe mdogo. Tuna katiba, tuna fulana, tuna kwaya iliyokupokea. Mafanikio mengine tunayaruka kwa kujali muda wako.

Lililotuleta ni figo.

Wengi wetu tuliokolewa na sisplatini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, na hatuisemi vibaya. Lakini dawa hiyohiyo hujikusanya kwenye mirija ya figo na kuijeruhi, hata figo zikawa zinamwaga magnesiamu kwenye mkojo muda mrefu baada ya dripu ya mwisho. Wengine walipigwa mionzi ya tumbo, wengine figo moja iliondoka pamoja na uvimbe. Mtu anapigiwa makofi kuwa amepona, anarudi nyumbani, anameza diklofenaki kila kiuno kikimuuma, na hakuna wa kumwambia kwamba anazimaliza figo zilizobaki.

Nazo figo hazipigi kelele. Kriatinini, yaani taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, inaweza kusomeka sawa hali uwezo wa figo umepungua karibu nusu. Aliyekondeshwa na ugonjwa ndiye hudanganywa zaidi: misuli yake michache hutoa kriatinini kidogo, jibu linakuja zuri. Ndiyo maana tunataka vipimo vitatu pamoja, kriatinini, protini kwenye mkojo na presha, walau mara moja kwa mwaka. Figo zikichuja chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi 3 au zaidi, huo tayari ni ugonjwa sugu, ila bado zipo dawa za kuuchelewesha. Mwenzetu mmoja alijua siku viatu vilipokataa kuingia miguuni. Sasa husafishwa damu mara 3 kwa wiki.

Mheshimiwa, hapa tunaomba utuvumilie. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi mashine ya vipimo, na mashine ikaja, haki yake hatumnyimi. Ilikuja bila vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Wa mwaka jana akaahidi vitendanishi "kabla ya mwezi kuisha". Tulishangilia, picha zikapigwa. Hakutaja mwezi gani. Mashine iko kwenye kona ya kliniki, nailoni ya kioo haijabanduliwa, wauguzi wameitandikia kitambaa na kuweka juu yake chombo cha maua. Maua yenyewe ni ya plastiki.

Ombi letu basi ni moja: vitendanishi vya mwaka mzima, na mtaalamu wa maabara siku moja kwa wiki. Hatuombi jengo, wala jiwe la msingi. Tunalo moja, halijapata jengo.

Kwa heshima kubwa tumeandaa hati ya ahadi yenye nafasi ya tarehe. Katibu anayo hapo mbele, pamoja na kalamu. Chakula kitafuata baada ya kusaini.

Tunaomba kuwasilisha.